Kwani rubani asingekata kamba tu? Jinsi ndege inayovuta bango inavyoanguka

Juzi jioni pale kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa imeshaanza kupoa na kashata zimebaki mbili zinazogombewa kwa macho, dogo mmoja wa bodaboda akatoa simu akatuonyesha klipu ya kindege cha huko Marekani kinavuta bango la tangazo. Kinapita chinichini juu ya majani, kinanasa bango, kinanyanyua pua kama kinataka kutoboa mbingu, alafu kinasimama hewani, yani kinasimama kabisa kama mtu aliyekumbuka kasahau ufunguo ndani, bawa moja linalala na kitu chote kinakuja chini. Klipu yenyewe haifiki hata robo dakika.

Dogo akasema, "Huyu nae, si angekata kamba tu?"

Kijiwe kizima kikakubali. Mi nilinyamaza manake mwanzoni hata mimi nilidhani hivohivo, bango linavuta, bango ni zito, basi liachie upone. Lakini haya mambo ya ndege nayafuatilia miaka sasa (kila mtu ana ugonjwa wake, wengine timu yetu ya mpira, Coastal Union) na hilo swali la kamba ukilifungua vizuri linakupeleka mbali kweli. Kwa hiyo naandika hapa kile nilichojaribu kuwaeleza pale, maana pale nilikatizwa kama mara ishirini.

Kwanza tuelewane bango lenyewe linafikaje hewani. Wengi wanadhani ndege inaruka nalo toka chini, inalikokota kwenye rami kama ng'ombe na jembe. Zipo zinazofanya hivo lakini kawaida ndege inaruka mikono mitupu. Bango limelazwa chini kwenye majani, herufi zake za kitambaa chepesi zimeunganishwa moja moja, kila moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, mbele kuna mlingoti wenye uzito upande wa chini ili herufi zisimame wima zisilale zikiwa juu. Kwenye mlingoti inatoka kamba ndefu, na mwisho wa hiyo kamba kuna kitanzi ambacho kimetundikwa kati ya nguzo mbili fupi, mita tatu mpaka tano hivi. Rubani akisharuka anatupa ndoano nje kwa dirishani, ndoano inaning'inia kwenye kamba iliyofungwa mkiani, alafu anashuka kuja kuvua kile kitanzi. Kuvua kabisa, hakuna neno lingine. Na haioni ndoano yake mwenyewe, iko nyuma yake huko chini, anakadiria tu na jamaa wa chini wanampigia redio kwamba umenasa au umekosa. Akikosa anazunguka anarudi tena, na tena.

Sasa hapo anapovuka zile nguzo ndo penyewe. Hawezi kuendelea mbele akiwa amenyooka, manake bango litaburutwa chini lichanike. Inabidi apande ghafla, pua juu, injini moto wote, ili bango libanduke toka chini herufi kwa herufi kama unavyobandua mkeka uliolowa, herufi ya mwisho ikiondoka chini ndege iko juu yake. Ukiangalia kwa mbali ni kitu kizuri. Kwa rubani ni sehemu mbaya kuliko zote kwenye siku yake, na anairudia kila tangazo.

Nikawaambia wale wa baiskeli (na Tanga nani sio wa baiskeli) fikiria unakuja na spidi toka bondeni unataka kupanda mlima bila kushuka. Ile spidi yako ndo unainunulia mlima, kila unavyopanda spidi inapungua, ni biashara. Sasa katikati ya mlima, spidi imeshapungua nusu, mtu anakurukia kwenye keria na gunia la mkaa. Ndo bango hilo. Linaondoka chini wakati ule ule ambao ndege imeshatumia spidi yake kupandia.

Na hapo inabidi niseme habari ya mbawa kustoli manake bila hiyo klipu haieleweki. Watu wengi wakisikia ndege imestoli wanadhani injini imezima, kama pikipiki inavyozima. Hapana. Injini inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zote na ndege imestoli. Bawa linabeba ndege kwa sababu hewa inapita juu yake imelala vizuri, na ukinyanyua pua bawa linakutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi na linabeba zaidi, mpaka ufike pembe fulani, kwa ndege nyingi hizi ndogo ni kama nyuzi 15 hadi 18, hapo hewa ya juu inaachia bawa, inavurugika, na ule ubebaji unaporomoka. Mzee mmoja mvuvi wa kule Deep Sea, ambae alikuwa kimya muda wote anasikiliza na kikombe chake, akasema hiyo anaijua, chombo ukikipiga joshi kupita kiasi unataka kuupanda upepo kwa ubishi, tanga linakufa, chombo kinasimama katikati ya maji na kinaanza kurudi nyuma. Nikamwambia babu ndo hiyohiyo, tofauti we chini yako kuna maji ya kukushika na yule chini yake hakuna kitu.

Na ile pembe ni kati ya bawa na hewa inayokuja, sio kati ya bawa na ardhi, watu wanachanganya sana hapa. Ndege inaweza kustoli pua ikiwa inaangalia chini. Ila kwenye kunasa bango mambo yote yanasukumana upande mmoja: pua iko juu, spidi inaisha, na kamba yenyewe imefungwa mkiani inavuta kwenda nyuma na chini. Mkia ukivutwa chini pua inaenda wapi? Juu zaidi. Yani bango linamsaidia rubani kufanya kosa.

Tuje kwenye namba kidogo. Kindege kinachopendwa sana kwa kazi hii ni Piper Super Cub, kimeanza kutengenezwa 1949, kitupu hakifiki hata nusu tani, na injini yake ya nguvu farasi 150 ni kama ya Noah tu hizi zinazotupeleka Muheza. Kingine ni Piper Pawnee ambacho kiliundwa kwa ajili ya kunyunyizia dawa mashambani, baadae watu wakakigeuza matumizi. Super Cub inastoli kwenye spidi kama ya kilomita 70 kwa saa. Ikivuta bango inakwenda kama 80 mpaka 100. Ebu ona hiyo nafasi iliyobaki hapo katikati! Bodaboda wa barabara ya Segera anampita akiwa na abiria wawili.

Dogo akauliza si aongeze spidi basi. Hawezi, au akiweza anaumia kwingine. Nguvu ya hewa kukuzuia inakwenda kwa mraba, ukizidisha spidi mara mbili hewa inakuzuia mara nne, na bango lote lile la herufi thelathini arobaini ni sawa na kuvuta juya, ule wavu wa kukokota, kadri unavyolivuta haraka ndo linavyozidi kuwa zito. Waliowahi kuvuta juya pale Sahare wanajua, haliendi kwa hasira. Kwa hiyo rubani analazimika kwenda polepole huku injini inafanya kazi kama inapanda mlima saa tatu mfululizo, na ukienda polepole hewa ya kupoza injini nayo ni ndogo, injini inachemka. Hizi injini zinapozwa na hewa, hazina rejeta.

Ongeza na joto letu. Vitabu vya ndege vinapigia hesabu hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Tanga mwezi wa pili saa nane mchana nyuzi 32 ni kitu cha kawaida, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hesabu za marubani ndege iliyo pale uwanjani kwetu inajiona kama iko mita 600 juu tayari, bawa linabeba kidogo na injini inapumua kidogo, kabla hata haijagusa hilo bango.

Haya turudi kwenye kamba, manake swali la dogo halikuwa la kijinga. Kila ndege ya kazi hii ina kifyatuo, rubani anavuta kishikio ndani na ndoano inaachia kule mkiani, kamba na bango vyote vinaondoka. Na marubani wanafundishwa hivohivo alivyosema dogo: ukiona mashaka achia, bango ni kitambaa. Tatizo ni muda. Chukua ndege iko mita 60 juu, pale inapostoli. Kitu kilichoachiwa tu kikadondoka toka mita 60 kinafika chini kwa sekunde tatu na nusu. Ndege haidondoki kama jiwe moja kwa moja, sawa, mpe sekunde tano. Ndani ya hizo inabidi ashtuke, aelewe ni nini kinatokea, mkono uende kwenye kishikio, avute, alafu asukume stiki mbele, MBELE, yani aelekeze pua kwenye ardhi anayoiona inamjia, ili bawa lishike hewa upya. Mwili wa binadamu ukiona ardhi inakuja unavuta nyuma. Kila mtu anavuta nyuma. Na kuvuta nyuma ndo kuongeza ile pembe iliyokuletea balaa.

Sasa hata akiachia bango mapema, kuachia hakurudishi spidi. Umeshusha lile gunia la mkaa lakini bado uko katikati ya mlima na baiskeli imesimama. Inabidi ushuke bonde kidogo upate spidi tena, yani ubadilishe kimo kwa spidi, biashara ileile kwa kinyume, na kama huna kimo huna cha kuuza.

Alafu kuna ile ambayo kamba haikatiki kabisa kwa sababu haijashikwa pale ilipotakiwa kushikwa. Hii mfano wake mkubwa ni Uingereza, tarehe 6 Mei 2010, siku yenyewe ya uchaguzi mkuu wao. Nigel Farage, yule mwanasiasa wa kujitoa Ulaya, alipanda kindege aina ya PZL Wilga cha kutengenezwa Poland ili apigwe picha kikivuta bango la chama chake UKIP, kwenye kiwanja kidogo cha Hinton-in-the-Hedges, Northamptonshire. Wakati wa kunasa, bango likajisokota kwenye mkia. Ile sehemu ya mkia inayonyanyua na kushusha pua ikawa imefungwa na kitambaa. Hapo vuta kifyatuo mpaka kesho, kamba haiko kwenye ndoano tu, iko mwilini mwa ndege. Ndege ilipiga ardhi kwa pua. Farage alivunjika mbavu na mfupa wa kifua, pafu likatoboka, rubani nae akaumia vibaya, wote wawili wakatoka hai, na ile picha yake amekaa kwenye mabaki damu usoni na beji ya chama kifuani ilizunguka dunia nzima. Watu walicheka sana kisiasa. Mi kila nikiiona naangalia kule nyuma tu, kwenye mkia.

Nilipofika hapo mzee wa Deep Sea akaweka kikombe chini. Akasema wao wakienda na jarife usiku, kisu hakikai ndani ya ala wala mfukoni, kinachomekwa wazi kwenye ubao karibu na mkono, manake wavu ukishika mwamba na chombo kikaanza kuvutwa ubavu, anaetafuta kisu amekwisha. Na akasema uamuzi wa kukata hauamuliwi pale, unaamuliwa pwani mkiwa mnapakia, mnaambizana kabisa, wavu ukishika namna hii tunakata, hakuna kuhurumia pesa ya wavu. Nilitamani ningekuwa na mwalimu wa marubani pale amsikie. Wanafanya hichohicho: kabla ya kuruka wanajaribu kifyatuo chini na kamba ikiwa imevutwa, na wanajisemea kwa sauti, nikinasa vibaya naachia, injini ikikohoa naachia, sijadili. Anaeanza kujadili hewani kwamba bango ni mali ya bosi na mteja amelipia ufukwe mzima, hizo ndo sekunde zake mbili zimeenda.

Injini ikikohoa, hiyo nayo ni hadithi yake. Watu wanadhani injini ikizima ndege inadondoka. Ndege ndogo ikizima injini inateleza, kama tiara iliyokatika uzi siku ya kusi, haianguki pale pale. Cessna 172, hizi za kawaida, kwa kila mita moja inayoshuka inakwenda mbele kama mita tisa. Wavuta mabango mara nyingi wanakuwa kama mita 300 juu, kwa hiyo bila bango rubani ana kilomita mbili na kitu za kutafuta pa kutua. Na bango nyuma? Sahau, linamla zile mita zote na anashuka kama lifti. Hapa kukata kamba kunaokoa kweli. Mwezi wa saba 2021 kule New Jersey, Marekani, kijana wa miaka 18 tu, anavuta bango pembeni ya bahari, injini ikaleta shida, akaliachia bango baharini, akajaribu kurudi uwanjani akaona hafiki, akakitua kindege kwenye daraja la barabara linaloingia Ocean City katikati ya magari mchana kweupe. Hakuna aliyeumia. Ukipima ni tukio lilelile la kamba, ila yule alikuwa na kimo na alikuwa na muda, na aliachia mwanzoni sio mwishoni.

Kuna pia kona, na hii nitaipitia haraka. Ndege ikilala kwenye kona bawa linabeba zaidi ya uzito wa kawaida, kwa hiyo spidi ya kustoli inapanda: ukilaza nyuzi 45 inapanda kama asilimia 19, ukilaza 60 inapanda 41. Ile Super Cub ya 70 inakuwa inastoli kwenye karibu 100, ambayo ndo spidi anayovutia bango. Na ikistoli kwenye kona bawa moja linatangulia, ndege inaanza kujisokota, ndo kile tulichokiona kwenye klipu mwishoni. Kwa hiyo kona za bango ni pana, za taratibu, kama meli inayoingia bandarini. Ukimuona rubani wa bango anakunja kona kali kurudi kwa sababu mteja anataka lionekane tena, omba dua.

Mtu akauliza kwa nini basi wanakubali kazi hii. Masaa. Marekani tangu 2013 kuwa rubani msaidizi wa ndege kubwa za abiria unatakiwa uwe na masaa 1,500 ya kuruka kwa kawaida, na leseni ya kulipwa unaipata na 250. Hayo katikati unayapata wapi? Kufundisha, kunyunyizia dawa, kubeba waruka parachuti, kuvuta bango. Kwa hiyo kazi inayotaka mkono mzoefu kuliko nyingi inafanywa na vijana ambao ndo wanatafuta huo uzoefu, na hapo mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa ila ndo dunia ilivyo.

Na ripoti zikitoka, maneno yanayojirudia ni kwamba rubani hakulinda spidi, au alizidisha ile pembe ya bawa. Watu wakisoma hivo wanasema uzembe, kesi imeisha. Lakini uchunguzi wa ajali za ndege kwa taratibu za kimataifa, kile kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga ambalo na sisi Tanzania tumo, lengo lake limeandikwa wazi kwamba ni kuzuia ajali nyingine, sio kutafuta wa kulaumiwa. "Hakulinda spidi" ni maelezo ya kilichotokea kwa bawa. Kwa nini hakulinda, hapo ndo kuna joto, kuna injini ya Noah, kuna ndoano iliyokosa mara nne akachoka, kuna bosi.

Dogo alikuwa hajaridhika, dogo haridhiki. Akasema sawa, na likija bango hapa Raskazone siku ya mechi ya Coastal? Nikamwambia hapa kwanza inabidi TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, waruhusu, hakuna kuamka tu na kufunga kamba, na wakiruhusu utaona linapita juu ya maji, sio juu ya vichwa vya waogeleaji, manake yule jamaa akiachia, kuna mlingoti wenye uzito unakuja chini pamoja na hicho kitambaa. Na pa kunasia patakuwa shambani huko mbali na watu, hutaona kitu. Wewe utaona herufi tu zimejipanga zinapita taratibu juu ya maji kuelekea kisiwa cha Toten, utasema kazi rahisi hii.

Mzee akaomba simu. Akairudisha klipu mwanzo, akaiangalia yote mara moja bila kusema, alafu akaiangalia tena na kidole kikiwa tayari juu ya kioo. Tulidhani ataisimamisha pale inapolala bawa. Akaisimamisha mapema, mapema sana, ndege bado iko nzuri inapanda, pua juu, bango ndo kwanza herufi ya tatu inatoka kwenye majani, na mtu aliyekuwa anarekodi anasikika anashangilia.

"Hapa," akasema. "Hapa ndo angekata."